Mkristo anamshukuru nani kwa uhuru wa taifa lake?

Katika ibada nyingi zinazoangukia karibu na sikukuu ya uhuru, sala ya shukrani kwa ajili ya taifa huchukua sentensi mbili. Tunakushukuru, Bwana, kwa kuwa sisi ni watu huru, tunawakumbuka waliojitoa ili tuwe huru, amina. Kisha wimbo unaanza. Ufupi wenyewe si kosa, maana tulionywa tusipayuke-payuke tunaposali. Lakini ndani ya sentensi hizo mbili yamefungwa maswali ambayo Wakristo wameyagombania kwa karne nyingi, na wengi wetu tunaitikia amina bila kujua tumeitikia nini.

Uhuru wa taifa ni zawadi ya Mungu, au ni kazi ya watu waliochoka kuonewa? Kama ni vyote viwili, shukrani inagawanywaje? Waliokufa wakiupigania, wengine wao waliua pia: je, tunashukuru hata kwa hilo? Wengine hawakuwa Wakristo. Wengine walilichukia Kanisa kwa sababu walilikuta limeketi meza moja na mtawala. Na yule ambaye uhuru ulimpita, au ulimletea msiba, aitikie amina kwa lipi?

Nauweka msimamo wangu wazi tangu hapa. Mkristo anadaiwa shukrani hii, na asiyeitoa amepungukiwa katika imani yake, wala si katika uzalendo peke yake. Ila si kila shukrani kwa ajili ya uhuru ni ya Kikristo, hata jina la Yesu likitajwa mwanzo na mwisho. Zimekuwapo shukrani za taifa zilizomtukana Mungu mbele ya madhabahu yake, na mojawapo nitaieleza kwa kirefu.

Uhuru wa nchi na uhuru wa Mwana

Katika Injili ya Yohana sura ya 8 kuna watu wanaomwambia Yesu kwamba wao ni uzao wa Ibrahimu na hawajawahi kuwa watumwa wa mtu yeyote. Walisema hayo Yerusalemu, mji uliokuwa chini ya liwali wa Kirumi na askari wake. Yesu hakuwakumbusha habari za Warumi. Aliwaambia kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, na kwamba Mwana akiwaweka huru watakuwa huru kweli kweli.

Wapo wanaohitimisha kutokana na maneno hayo kwamba uhuru wa nchi ni jambo la dunia, halimhusu mtu aliyeokoka. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwana huyo huyo alisimama katika sinagogi la Nazareti akasoma habari za wafungwa kufunguliwa na walioonewa kuachwa huru. Na Mungu aliyesikia kilio cha Waebrania huko Misri hakuwapelekea faraja ya moyoni tu. Aliwatoa, wakatembea kwa miguu yao wenyewe, unga wao usiotiwa chachu ukiwa mabegani. Anayesema kwamba minyororo ya mwili si kitu mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kufungwa.

Paulo ndiye anayetufaa zaidi hapa, kwa kuwa aliushika uhuru wa namna zote mbili bila kuuchanganya. Yeye ndiye aliyewaandikia Wafilipi kwamba wenyeji wetu uko mbinguni, na yeye ndiye aliyeutumia uraia wake wa Kirumi bila haya. Huko huko Filipi, baada ya kupigwa bakora na kutiwa gerezani bila hukumu, alikataa kuondoka kimyakimya. Aliwataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa, yeye na Sila. Siamini kwamba alikuwa akitetea heshima yake tu. Nyuma yake kilibaki kikundi kichanga cha waumini, na mahakimu waliotahayari namna ile wasingekuwa wepesi tena kuwagusa.

Halafu kuna tukio la Matendo sura ya 22, lililopita kwa mistari michache. Paulo amekwisha kufungwa ili apigwe mijeledi, naye anauliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Jemadari anashtuka, anakuja kumhoji, anasema kwamba yeye mwenyewe aliupata uraia huo kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye amezaliwa nao.

Mazungumzo hayo yanaeleza hali ya vizazi viwili katika karibu kila taifa lililopata uhuru. Mmoja alilipa, mwingine alizaliwa ndani yake. Aliyezaliwa huru haikumbuki bei. Anaweza tu kusimuliwa. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati linarudia mara kwa mara amri ya kuwaeleza watoto, na ndiyo maana sura ya 8 inaonya kuhusu siku watakapokula na kushiba na kujenga nyumba nzuri, kisha waseme mioyoni mwao kwamba ni nguvu zao wenyewe zilizowapatia hayo.

Kwa hiyo uhuru wa taifa ni jema la kweli, lakini si jema la mwisho. Waweza kuwa nao ukapotea, waweza kuukosa ukawa mtakatifu. Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na hatuachi kushukuru kwa mvua kwa sababu tu haiwezi kumwokoa mtu na dhambi zake.

Debora aliwataja watu

Fundo linalofuata ni lile la Mungu au watu. Kuna wacha Mungu wanaoona kwamba kumtukuza shujaa ni kumnyang'anya Bwana sifa zake. Wana maandiko yao: Zaburi ya 44 inasema kwamba si upanga wa baba zetu uliotwaa nchi wala si mkono wao uliowaokoa, na Zaburi ya 124 inaanza kwa kusema, kama si Bwana aliyekuwa pamoja nasi. Upande wa pili wapo wanaoona kwamba kumtaja Mungu ni njia ya kuwafuta walioumia, hasa pale mhubiri anaposimulia uhuru kana kwamba ulidondoka mbinguni siku moja ya mapumziko.

Wimbo wa Debora katika Waamuzi sura ya 5 unaumaliza ugomvi huo. Hakuna shaka kwamba anamwimbia Bwana. Milima inatetemeka mbele zake na nyota zinapigana toka mbinguni. Lakini ndani ya wimbo huo huo Debora anaita watu kwa majina na kwa makabila yao. Zabuloni ni watu waliohatarisha roho zao hata kufa, na Naftali vivyo hivyo. Yaeli, mwanamke wa hemani, amebarikiwa. Na hakuishia kwa waliokwenda. Anawauliza Reubeni kwa nini walikaa mazizini wakisikiliza filimbi, anawauliza Dani kwa nini walikaa merikebuni, na mji wa Merozi unalaaniwa kwa kutokuja.

Ukiusoma huwezi kusema kwamba Debora amegawanya sifa, nusu kwa Mungu na nusu kwa watu. Mungu ndiye aliyeokoa, na aliokoa kwa watu waliokubali kwenda. Kumsifu yeye kunamlazimu mwimbaji awataje hao. Shukrani isiyo na majina ingekuwa imepunguza kazi ya Mungu yenyewe.

Majina yenyewe hayakuwa ya waumini peke yao wakati wote. Isaya 45 inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, masihi wa Bwana, na katika sura hiyo hiyo Mungu anamwambia mara mbili kwamba hakumjua. Waebrania waliorudi kutoka Babeli walirudi kwa amri ya mtu huyo. Tanganyika inafaa kuwa mfano. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 kwa kawaida husimuliwa kwa jina la Julius Nyerere, Mkatoliki, na ni haki. Lakini Nyerere alipochukua uongozi wa TAA, chama kilichotangulia TANU, mwaka 1953 aliupokea kutoka kwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Dar es Salaam, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 wanawake waliingizwa katika harakati kwa maelfu na Bibi Titi Mohamed, Mwislamu pia. Mkristo wa Tanzania anayemshukuru Mungu kwa uhuru wake na asiweze kuyatamka majina hayo kanisani amepokea zawadi mkononi mwa Koreshi na kukataa kusema ilitoka wapi.

Shukrani iliyogeuka tanzi

Gideoni alikataa ufalme. Baada ya kuwashinda Wamidiani aliambiwa atawale, yeye na mwanawe na mjukuu wake, akajibu kwamba Bwana ndiye atakayetawala. Jibu zuri kuliko alivyojibu mtawala mwingine yeyote katika kitabu kile. Kisha akaomba kitu kidogo: kila mtu ampe herini za nyara zake. Zikapatikana shekeli elfu moja na mia saba za dhahabu. Akafanya naivera, vazi la kikuhani, akaliweka katika mji wake wa Ofra. Na Israeli wote wakaenda kuliabudu, likawa tanzi kwa Gideoni na kwa nyumba yake.

Hakuna dalili kwamba alikusudia mabaya. Alitaka ukumbusho wa wokovu. Kile kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kumkumbuka Mungu kikachukua nafasi ya Mungu.

Historia ina naivera nyingi, na iliyo wazi kuliko zote kwangu ni ya Afrika Kusini. Mwaka 1838 walowezi wa Kikaburu waliokuwa wakihamia bara walikuwa na maombolezo ya kweli: kiongozi wao Piet Retief na wenzake walikuwa wameuawa kwa amri ya mfalme Dingane wa Wazulu, kisha kambi zao zikavamiwa, na waliouawa humo ni pamoja na wanawake na watoto. Mwezi Desemba kundi lao likiongozwa na Andries Pretorius liliweka nadhiri: Mungu akiwapa ushindi, wataitunza siku hiyo kama sabato, wao na wazao wao, na watajenga nyumba kwa jina lake. Tarehe 16 Desemba, kando ya mto Ncome, watu wasiofika mia tano wenye bunduki na mizinga walipigana na Wazulu zaidi ya elfu kumi. Wazulu wapatao elfu tatu walikufa. Upande wa pili hakufa hata mmoja.

Nadhiri ilitimizwa. Kanisa lilijengwa Pietermaritzburg, na siku ile ikaja kuwa sikukuu ya taifa, ikiadhimishwa kwa ibada, mahubiri na zaburi. Ni shukrani ya Kikristo kwa ukombozi wa taifa, yenye nadhiri, kanisa na sabato, na ndani yake likakua fundisho kwamba Mungu amelichagua kabila moja kumiliki na mengine kutumika. Chini ya ubaguzi wa rangi, wahubiri walisimama kila 16 Desemba kumshukuru Mungu kwa uhuru ambao jirani yao alikuwa amefungiwa nje yake kwa sheria. Kuanzia mwaka 1995 tarehe hiyo imekuwa Siku ya Upatanisho.

Kosa lilikuwa wapi? Kumshukuru Mungu kwa kunusurika si kosa. Kosa liliingia pale walipoichukua rehema waliyotendewa wakaifanya hati ya cheo. Nabii Amosi aliliona jambo hili mapema, na sijui andiko kali kuliko lake kwa yeyote anayesherehekea uhuru wa taifa. Katika sura ya 9 Mungu anawaambia Israeli kwamba aliwatoa Misri, ni kweli. Lakini aliwatoa pia Wafilisti katika Kaftori na Washami katika Kiri. Maadui zao nao walikuwa na kutoka kwao. Mungu aliyekukomboa wewe ana historia na jirani yako pia ambayo hukusimuliwa.

Na kuna jambo moja zaidi katika habari za Gideoni ambalo hupitwa haraka. Mwisho wa Waamuzi 8 tunaambiwa kwamba alipokufa, wana wa Israeli hawakumkumbuka Bwana, Mungu wao, aliyewaokoa. Wala hawakuitendea mema nyumba ya Gideoni kwa wema wote aliowatendea. Mistari miwili inayofuatana. Waliomsahau Mungu ndio hao hao waliowasahau watoto wa shujaa. Sura inayofuata watoto hao wanachinjwa juu ya jiwe moja.

Damu

Hapa ndipo penye ugumu halisi, na sidhani kama unaisha.

Kwenye minara mingi ya ukumbusho wa vita duniani yameandikwa maneno ya Yohana 15:13, kwamba hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Ni maneno ya kweli hata kwa askari. Lakini tukumbuke aliyasema nani, na lini. Aliyasema mtu ambaye usiku ule ule alimwamuru Petro arudishe upanga alani mwake, na ambaye kesho yake alikufa bila kumuua yeyote, akiwaombea waliompigilia misumari. Yeye aliutoa uhai wake kwa ajili ya adui zake pia.

Kwa hiyo kuna mpaka ambao Mkristo hauvuki. Waraka kwa Waebrania unasema sadaka ya Kristo ilitolewa mara moja tu na inatosha milele. Kifo cha mpigania uhuru hakiondoi dhambi, si yake wala ya taifa. Mhubiri anaposema kwamba damu ya mashujaa ndiyo iliyotuokoa, kwa sauti ile ile anayotumia kwa msalaba, amewavika mashujaa uzito ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuubeba, na amewafunga wasiweze tena kukosolewa. Daudi mwenyewe, aliyepewa ushindi na Mungu vita baada ya vita, aliambiwa kwamba hatajenga hekalu kwa sababu amemwaga damu nyingi. Mungu aliyempa ushindi ndiye aliyemwekea mpaka huo.

Hebu tuyatazame haya mahali yalipotokea kweli. Kenya ilitangaziwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na ilidumu hadi mwaka 1960. Shule huru za Wakikuyu zilifungwa, watu kwa makumi ya maelfu waliwekwa kambini, na waliohukumiwa kunyongwa na kunyongwa kweli walizidi elfu moja. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mle mle gerezani bila familia kuonyeshwa kaburi. Wapiganaji wa Mau Mau walikufa ili nchi irudi kwa wenyewe, na nchi ikarudi, tarehe 12 Desemba 1963.

Miaka hiyo hiyo, katika vijiji hivyo hivyo, walikuwapo ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, harakati ya kiroho ndani ya makanisa ya Kiprotestanti. Walipotakiwa kula kiapo cha Mau Mau walikataa, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza kiapo cha damu nyingine. Wengine waliuawa kwa kukataa huko. Na wengi wa ndugu hao hao walipopewa silaha na serikali ili wajilinde walizikataa pia, kwa kuwa hawakuwa upande wa mkoloni. Wakabaki katikati bila ulinzi wa mtu.

Mkristo wa Kenya atamshukuru Mungu kwa ajili ya nani? Kwa muda mrefu makanisa mengi yaliyotokana na misheni yaliwakumbuka ndugu wale na kunyamaza juu ya wapiganaji wa msituni, na serikali zenyewe ziliacha marufuku ya Mau Mau iendelee kuwa sheria hadi mwaka 2003. Wengine leo wanageuza: wanaukumbuka msitu na kuwahesabu waliokataa kiapo kuwa vibaraka. Naamini shukrani ya Kikristo inawabeba wote wawili, na haiwabebi kwa njia moja. Kwa mpiganaji, inashukuru kwamba alihesabu uhuru wa wengine kuwa wa thamani kuliko uhai wake, na inamwachia Mungu hukumu ya kila aliyekufa kwa panga lake, bila kusema lilikuwa jambo dogo. Kwa aliyekataa kiapo, inashukuru kwamba alishuhudia kwamba hata taifa halina haki ya kudai kila kitu. Taifa huru linahitaji ushahidi wa namna hiyo zaidi ya lilivyouhitaji likiwa koloni.

Kusini mwa Tanzania kuna fundo linalofanana na hilo. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, askofu Mbenediktini Cassian Spiss aliuawa mwezi Agosti pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa Wazungu, wageni katika nchi iliyotekwa na Wajerumani, na waliuawa kwa sababu hiyo. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa wingi kwa siku moja huko Songea, na baadhi yao walibatizwa na mmisionari kabla ya kupanda kwenye kitanzi. Hadi vita vinaisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala. Waliobatizwa asubuhi ile na mmisionari aliyewabatiza walikuwa wa Kanisa moja na la yule askofu. Sioni njia ya kulisimulia hili kwa upande mmoja tu nikabaki mkweli mbele za Mungu.

Andiko linalonisaidia kuliko yote katika jambo hili liko katika 2 Samweli 23. Daudi yuko pangoni Adulamu, Wafilisti wameishika Bethlehemu, kijiji alichozaliwa. Anatamani, anasema kwa sauti: laiti mtu angeninywesha maji ya kile kisima cha Bethlehemu kilicho karibu na lango. Haikuwa amri. Watu watatu wanapenya katikati ya majeshi ya adui, wanateka maji, wanamletea. Na Daudi hakukubali kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akisema kwamba hiyo ni damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha nafsi zao.

Mtu anaweza kuona amewavunjia heshima: wamehatarisha maisha, yeye anamwaga. Mimi naona kinyume. Daudi alitambua kwamba maji yale yamepanda thamani yakapita kiu yake. Kilichonunuliwa kwa bei ile hakinyweki kama maji ya kawaida. Kinafaa kumtolea Mungu tu. Na hakusema kwamba safari ile ilikuwa ya busara, wala hakuwahesabu Wafilisti wangapi walianguka njiani. Alichokiheshimu ni kujitoa kwao.

Hapo naona namna ya kuupokea uhuru wa taifa. Uhuru uliolipiwa na wengine si wa kunywewa na mtu mmoja, au familia moja, au kabila moja lililokaa karibu na kisima. Paulo analisema jambo hilo hilo kwa Wagalatia kuhusu uhuru ulio mkubwa zaidi: uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo. Kiongozi anayeiba mali ya umma kisha akaweka shada la maua kwenye mnara wa mashujaa ameyanywa maji yote na kurudisha kibuyu kitupu.

Aliyebaki nje

Tarehe 5 Julai 1852, mjini Rochester, Frederick Douglass alialikwa kuhutubia sherehe za uhuru wa Marekani. Alikuwa amezaliwa mtumwa na kutoroka. Aliwauliza waliomwalika sikukuu hiyo ina nini kwa mtumwa, miaka 76 baada ya nchi kujitangaza huru. Hakuwadharau waasisi, aliwaita watu mashujaa. Alichokikataa ni kutakiwa ashukuru kwa kitu ambacho hakikupewa yeye, na aliyasema makanisa ya nchi hiyo kwa ukali kuliko alivyoisema serikali, kwa kuwa yalibariki utumwa.

Kila taifa huru lina watu wa namna hiyo, na ibada ya shukrani inapaswa kujua wako wapi. Torati haikuacha jambo hili kwa hisia. Kumbukumbu la Torati 24 inaamuru usipotoshe hukumu ya mgeni wala ya yatima, wala usichukue nguo ya mjane kuwa rehani, na usirudie masazo ya mavuno shambani. Na sababu inayotolewa ni ile ile, kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Shukrani kwa ukombozi imegeuzwa kuwa sheria ya ardhi, ya mahakama na ya mikopo.

Sala yenyewe

Nehemia 9 inatoa mfano wa sala ya taifa ambayo haina haraka. Watu wamerudi nchini mwao, ukuta umejengwa, nao wanakusanyika kwa kufunga. Wanasimulia matendo ya Mungu tangu Ibrahimu, wanakiri dhambi zao na za baba zao, kisha wanakubali waziwazi kwamba hata sasa, katika nchi waliyopewa baba zao, wao ni watumwa na mazao yake yanakwenda kwa wafalme wa kigeni. Walishukuru bila kusema uongo kuhusu hali yao. Kukiri kulikuwa ndani ya shukrani.

Ukifuata mkondo huo, sala ya kanisa siku ya uhuru itakuwa na majina ndani yake, ya waliojulikana na ya wale wanaokumbukwa na kijiji kimoja tu. Itakuwa na toba kwa ajili ya yale Kanisa lenyewe lilifanya au lilinyamazia. Itawataja waliouawa upande wa pili, maana nao wana mama zao. Itawaombea wenye mamlaka, kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza, na tukumbuke kwamba agizo hilo linataka dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya wafalme ambao hawakuwa wema. Na mahali palipo na mgeni kutoka nchi iliyotawala zamani, atakuwa na la kusema pia. Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa wazao wa walionyongwa. Miaka kumi kabla, mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya Kenya na kukubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Fedha hizo hazikumrudisha mtu kutoka kaburini, lakini ziliwafikia wazee wakiwa hai, na Mkristo wa Uingereza aliyelipa kodi zilizotumika kuwalipa ana sehemu katika sala hiyo.

Lililobaki halifanyiki ndani ya ibada. Karibu kila usharika ulio katika nchi iliyopigania uhuru wake una mjane, au mlemavu, au mzee aliyekuwa kijana wa kupeleka chakula usiku, au wajukuu wa mtu ambaye hakurudi. Hiyo ndiyo nyumba ya Gideoni. Wanajulikana kwa majina, wanajulikana wanakoishi, na kazi ya wazee wa kanisa ni kwenda kuwauliza wana hali gani wiki kadhaa kabla ya sikukuu, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kufanya jambo juu ya jibu watakalolipata.